Maswali yenu ya Ramadhani: mgumu wa mlimani anafunga vipi?

SWALI: Asalam aleikum shangazi, mi ni mgumu, nabeba mizigo Kilimanjaro, nakaa Pasua hapa Moshi. Nimepata tripu ya Machame katikati ya mfungo na siwezi kuiacha maana sikukuu inakuja na watoto wanataka nguo. Wenzangu wanasema we msafiri kula tu, mama mkwe anasema mlima uko hapo nyuma ya nyumba, hiyo nayo safari? Nifanyeje, na kule juu nafuturu kwa saa ya nani?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Mama mkwe ana hoja bana, usimcheke. Ruhusa ya msafiri ipo kwenye Kurani, Al-Baqara aya ya 184 na 185, mgonjwa na msafiri wanakula afu wanalipa siku nyingine, ila kwa Mashafii, yaani wanaofuata madhehebu ya Imam Shafi, ambao ndo wengi huku kwetu safari yenyewe inaanzia kilomita 80 hivi, na Moshi mpaka geti la Machame hata nusu yake haifiki. Kwahiyo ukianza kunywa chai stendi asubuhi kisa we msafiri, mashehe wengi hawatakuelewa. Mlango wako ni mwingine, ule wa taabu inayokuzidi: weka nia usiku, kula daku, anza kupanda umefunga, ikifika mahali kichwa kinagonga, kizunguzungu, mkojo umekuwa kama chai ya rangi, kunywa maji palepale na siku hiyo utailipa. Kilo 20 mgongoni na hewa ya kule nyepesi, mwili unakauka haraka mno, wageni wenyewe wanaambiwa wanywe lita 3 mpaka 4 kwa siku na hao wamebeba kibegi tu! Usiwaonee aibu wenzako. Ila ulipe kabla ya Ramadhani ijayo, ukichelewesha bila udhuru Mashafii wanakuongezea kibaba cha chakula kwa kila siku unayodaiwa.

Saa ya kufuturu ni jua la hapohapo ulipo, sio adhana ya mjini. Uko kambi ya Shira, upande wa magharibi wa mlima, jua bado unaliona wakati Moshi wameshashika tende? Subiri. Wala sijatunga, mwaka 2011 mufti wa Dubai aliwaambia wanaokaa juu ya ghorofa ya 80 pale Burj Khalifa wachelewe dakika 2, na juu ya ghorofa ya 150 dakika 3, na hilo ni jengo tu. Siku ukipangiwa njia ya Marangu, upande wa mashariki, mambo yanaweza kugeuka, kilele cha Kibo kinakuficha jua mapema, baridi hiyo, unadhani magharibi imeingia kumbe ni kivuli cha mlima, jua lenyewe halijazama.

SWALI: Shangazi mi Mkristo, nina nyumba Ngarenaro Arusha na wapangaji wangu wamefunga. Mchana nijifiche nikipika? Na wamenialika futari, niende na nini?

JIBU: Pika mama, hakuna aliyekukataza kula kwako, we acha tu kuwauliza kila siku "jamani hata maji hunywi?", hiyo ndo inawachosha. Futari nenda kabla jua halijazama, beba tende au viazi vitamu, mbege iache hukohuko. Wengi wanafungua kwa tende na uji, wanaenda kuswali magharibi, afu ndo chakula chenyewe kinatoka, kwahiyo usijimalize kwenye kaimati, magimbi bado yako jikoni.