Huna kisukari lakini sukari inashuka? Damu ipimwe saa hiyohiyo

"Majibu yako safi." Niliyasikia maneno hayo kila nilipokwenda kupimwa, na majibu yalikuwa safi kweli, kwa sababu damu ilichukuliwa saa kadhaa baada ya hali kupita. Sukari iliyoshuka alfajiri haionekani kwenye damu ya saa sita mchana, mtu ameshakula.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia yeyote mwenye tatizo hili: tafuta namba ya wakati ule ule unapotetemeka. Madaktari hutazama mambo matatu, yanayojulikana kama vigezo vya Whipple: dalili zipo, kipimo kinaonyesha sukari iko chini, na sukari ikipanda dalili zinaondoka. Kijasho chembamba na moyo kwenda mbio peke yake havitoshi, maana hata hofu huvileta. Kwa asiye na kisukari, uchunguzi wa kina huwa na maana kiwango kikiwa chini ya 3.0 mmol/L, yaani kama 55 mg/dL. Mashine ya nyumbani inasaidia sana kukuonyesha njia, ila kwenye viwango vya chini haiaminiki vya kutosha. Uthibitisho ni wa maabara.

Andika kila tukio: saa, ulikula nini na lini, pombe, kazi nzito, dawa. Sukari inayoshuka ukiwa na njaa ina vyanzo tofauti na ile inayoshuka saa mbili tatu baada ya mlo, ambayo huwapata hasa waliowahi kufanyiwa upasuaji wa mfuko wa chakula. Na dawa zote zilizomo nyumbani zibebwe kwa daktari, hata zisizo zako. Kwinini inaweza kushusha sukari. Vidonge vya kisukari vya mzazi vikichanganyika na vyako vya presha, navyo vinatosha kabisa.

Damu ikikamatwa wakati sukari iko chini, omba isipimwe sukari tu. Sampuli hiyohiyo ipimwe insulini (homoni inayoshusha sukari), C-peptaidi (kipande kinachotoka kwenye kongosho pamoja na insulini ya mwili wenyewe) na ketoni (zinazotokea mwili unapochoma mafuta), pamoja na uwepo wa vidonge vya kisukari. Insulini ikiwa juu na C-peptaidi juu, kongosho lako ndilo linaloimwaga, au kuna kidonge kinacholisukuma. Huenda kuna uvimbe mdogo kwenye kongosho. Insulini juu na C-peptaidi chini, imetoka nje, kwa sindano. Tukio likikataa kujitokeza lenyewe, hospitali hukufungisha chini ya uangalizi, hadi saa 72. Usijaribu kufunga hivyo nyumbani. Na mtu akianza kuchanganyikiwa, vipimo visingoje: apewe sukari kama anaweza kumeza, na kama hawezi, asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Kwangu insulini ilikuwa chini, C-peptaidi chini, ketoni juu. Yaani kongosho lilikuwa linafanya kazi yake vizuri. Wengine wangeishia hapo, lakini daktari wa homoni akaanza kuuliza mambo ambayo hakuna aliyeyauliza: umepungua uzito? Unapata kizunguzungu ukisimama? Unatamani chumvi? Yote ndiyo. Akaniomba nifungue viganja. Mistari ya viganja ilikuwa imekolea weusi kuliko ngozi iliyoizunguka, na fizi zilikuwa na mabaka. Akaagiza kipimo cha asubuhi cha kotisoli, homoni ya tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo, kisha kipimo cha kuzichochea tezi hizo. Hazikuwa zikitengeneza kotisoli ya kutosha. Kotisoli ndiyo inayosaidia ini kutengeneza sukari tumbo likiwa tupu, ndiyo maana alfajiri ilikuwa saa yangu mbaya.

Sasa natumia haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, kila siku, na nikipata homa naongeza dozi kama nilivyoelekezwa. Dawa hii haikatizwi ghafla hata siku moja.

Kwa hiyo ukienda kwa daktari na daftari lako la sukari, mtajie pia uzito, chumvi, ngozi, hedhi iliyobadilika, uchovu usioisha, hata kama unaona havihusiani. Asipouliza, anza wewe.