Maswali ya wasomaji: simu yadai imelowa, na mvua haijanyesha

*Wahariri, asalaam aleikum. Kila nikichomeka chaji usiku, simu yaniambia kuna maji tunduni na yakataa kuchaji. Haijaanguka majini wala haijanyeshewa. Nimeitia kwenye mchele siku 2, bado. Na sanduku lake limeandikwa IP68! Maji yametoka wapi?*
— Msomaji, Kibokoni

Waaleikum salaam. Simu haisemi uongo. Tundu la USB-C lina pini 24, na simu hupima kama umeme unapenya baina ya pini zisizopasa kugusana. Ukipenya, huchukulia kuwa pana maji, nayo hufunga chaji ili pini zisiliwe na kutu. Kinachoupitisha umeme huo kwa watu wa pwani, mara nyingi, ni chumvi. Jasho la mfukoni na upepo wa bahari huiacha tunduni, nyuzi za nguo huishika, kisha hunyonya unyevu wa hewa. Usiku hewa huwa na unyevu zaidi, na ndiyo saa ambayo watu wengi huchomeka chaji. Mwezi wa Mei, masika yakikolea, malalamiko haya huzidi.

Kiyoyozi nacho huchangia. Simu iliyopoa ofisini ikitolewa nje kwenye joto hufanya umande kama chupa ya soda iliyotoka friji. Ipe dakika 20 kabla ya kuchomeka.

Mchele uache kabisa. Hauigusi chumvi, na unga wake huingia tunduni ukagandamana humo. Apple imewaonya wateja wake wasiutumie.

Fanya hivi. Zima simu. Kwa kijiti cha meno cha mbao, kwaruza polepole kwenye kona za tundu mpaka nyuzi zitoke; utashangaa zilivyo nyingi. Usitumie sindano wala pini ya nguo, maana chuma hupinda kilimi cha katikati, na kilimi kikipinda utabadilishiwa tundu zima. Kisha chovya mswaki laini, mkavu na mpya, kwenye spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi, upige mswaki mara chache tundu likiwa limeelekea chini. Ile ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda ina maji mengi mno kwa kazi hii. Iache mbele ya feni kwa saa moja. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi yako ina unyevu, wala usitumie mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu joto lake hulegeza gundi ya kioo.

Halafu kagua kichwa cha waya, jambo ambalo wengi husahau. Pini za umeme ndizo huliwa kwanza, kwa kuwa volti 5 zikikutana na unyevu wa chumvi hula shaba. Ukiona doa jeusi au la kijani, tupa waya huo. Ukiurudisha utaharibu tundu ulilolisafisha. Onyo likibaki hata baada ya haya, na waya ni mpya, basi pini za simu zenyewe zimeliwa na hiyo ni kazi ya fundi.

Kuhusu IP68: 6 ni vumbi, na 8 ni kuzamishwa kwa kina na muda aliotangaza mtengenezaji, kwa mfano mita 1.5 kwa dakika 30, tena katika maji yasiyo na chumvi. Mpira unaozuia maji uko nyuma ya tundu. Mwili wa simu umekingwa, pini ziko wazi. Kwa hiyo simu yenye alama hiyo ikikuponyoka baharini pale feri ya Likoni, izime, isuuze mara moja kwa maji ya kunywa kabla chumvi haijakauka, ikung'ute, na usiichaji siku hiyo.

*Nyumba ya marehemu mzee wetu ilifungwa tangu 2023. Juzi nimenunua stima, nikaletewa tarakimu 60. Nimeingiza 20 za mwisho, zile zilizoandikwa yuniti, mita yakataa. Nimepoteza pesa?*
— Msomaji, Likoni

Hujapoteza. Hizo ni tokeni 3 za tarakimu 20 kila moja. Mbili za kwanza hazina stima. Zinabadilisha ufunguo wa siri ulio ndani ya mita. Ingiza ya kwanza, bonyeza kitufe cha kukubali, ngoja mita ijibu. Ingiza ya pili vivyo hivyo. Yuniti hazitaongezeka, usishtuke. Ndipo uingize ya tatu.

Sababu yake inafaa kujulikana, kwa kuwa watu wengi walidhani wameibiwa. Mita nyingi za kulipia kabla, katika nchi nyingi, zilihesabu dakika kuanzia mwaka 1993, na kila tokeni hubeba namba ya dakika iliyotolewa. Nafasi iliyotengewa namba hiyo inatosha dakika 16,777,216 tu, ambazo ni karibu miaka 32. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikubadilishwa ufunguo haiwezi kuzisoma tokeni za sasa, na ya mzee ilikuwa imelala kipindi chote hicho. Kama kwenye droo kuna tokeni ya zamani ambayo haikuingizwa, usihangaike nayo. Ufunguo ukishabadilika haitakubalika.

Hata ya kwanza ikikataliwa, linganisha tarakimu 11 za namba ya mita iliyo kwenye meseji na ile iliyo kwenye mita yenyewe. Tarakimu moja ikipotea njia, umemnunulia jirani.

*Simu yajaa kila wiki kwa video za harusi na picha za "Ijumaa Karimu". Nikitoka kwenye makundi, jamaa watanuna.*
— Mama wa Tudor

Mama, usitoke. Fungua mipangilio ya WhatsApp, ingia hifadhi na data, kisha udhibiti wa hifadhi. Utaona mafungu mawili: vilivyosambazwa mara nyingi, na vinavyozidi MB 5. Anza na hivyo. Halafu, kwenye ukurasa uleule wa hifadhi na data, zima upakuaji wa moja kwa moja, kwa bando na kwa Wi-Fi. Picha utaendelea kuziona zimefifia, na utagusa ile uitakayo.

*Nimemwandikia shemeji "njoo saa tatu", simu ikapeleka "njoo saa tattoo". Amekasirika, aniuliza namfanyia mzaha gani. Kwa nini simu haijui Kiswahili?*
— Msomaji, Changamwe

Pole sana. Kibodi yako imewekwa Kiingereza peke yake, kwa hiyo kila neno lako laonekana kosa. Kwenye Gboard, yaani kibodi ya Google, shikilia kitufe cha koma hadi gurudumu la mipangilio litokee, ingia lugha, ongeza kibodi, chagua Kiswahili cha Kenya. Kuhama lugha, gusa alama ya dunia au shikilia kitufe cha nafasi.

Lakini hilo pekee halitoshi. Kibodi husahihisha kwa kulinganisha na maneno mazima, na kitenzi chetu hakikai katika umbo moja: nitakupigia, asingalikupigia, hatukupigiana, na maelfu mengine kutoka mzizi uleule wa "piga". Yote hayawezi kuorodheshwa. Kwa hiyo ingia sehemu ya marekebisho ya maandishi, uzime usahihishaji wa moja kwa moja, lakini uache mstari wa mapendekezo juu ya kibodi. Simu itapendekeza, wewe utachagua. Maneno yako ya nyumbani, kama "hino" na "yuwaja", yaongeze kwenye kamusi binafsi iliyomo humohumo.

Shemeji mpigie simu.