Binti Yangu Analilia Kitabu, au Anamlilia Baba Yake?

*Shangazi, assalamu alaykum. Mimi ni mjane wa Wete, Pemba. Mume wangu alifariki mwaka jana kwa maradhi ya ghafla, akaniachia mtoto mmoja, binti wa miaka 12. Siku ya maziko nilimpeleka kwa jirani ili asione yale mambo. Hivi karibuni mwalimu wake amemwazima riwaya ya watoto inayomhusu msichana aliyefiwa na baba yake mvuvi, akahamia kwa bibi yake, na huko akakuta barua zilizofichwa zenye habari za ukoo wake. Binti yangu ameisoma na kuirudia, usiku hulia, na sasa ameanza kupekua sanduku la marehemu. Amekuta picha ya mvulana mdogo aliyepakatwa na baba yake, akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni mtoto wa jirani. Ukweli ni kuwa huyo ni kaka yake, aliyezaliwa Unguja na mke wa kwanza kabla sijaolewa mimi, na sasa ana miaka 19. Marehemu alinisihi nisimtaje, kwa sababu talaka ile iliwagombanisha wakubwa. Mkwe wangu anataka kitabu kirudishwe skuli kwa kuwa kinamharibu mtoto, na ammi yake anataka mirathi igawiwe kabla ya Ramadhani. Je, nimnyang'anye kitabu? – Mama Mwenye Dukuduku*

Wa alaykum salaam, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu. Usimnyang'anye. Kitabu mwachie, na kabla hujamwambia neno lolote kukihusu, kiazime kwake ukisome wewe mwenyewe mpaka mwisho, kwa sababu binti yako anazungumza nawe kupitia kitabu hicho na wewe bado hujasikia anachosema.

Riwaya zinazoandikwa kwa watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili zina desturi zake. Mhusika mkuu huwa mtoto wa rika la msomaji au aliyemzidi kidogo, mtu mzima mmoja huwa hayupo, na waliobaki huwa wanajua jambo ambalo hawataki kulisema. Mtoto hulitafuta mwenyewe, na mara nyingi hulipata kupitia kitu cha kushikika, kama vile barua, picha, ufunguo au daftari kuukuu. Kwa hiyo usishangae kwamba binti yako amekwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Mkweo anauita huo utundu, nami kwa heshima zote ninatofautiana naye: mtoto aliyeona kwamba nyumba ina jambo linalozungukwa alikuwa akilihisi kabla ya kukifungua kitabu, na hadithi ilimwonyesha tu mahali pa kuanzia kutafuta.

Kuhusu kilio chake, rudi kidogo nyuma, kwenye siku ya maziko. Ulimpeleka kwa jirani kwa huruma, kama wafanyavyo wengi wetu, naye aliporudi akakuta nyumba imejaa mikeka na watu, na baba yake hayupo. Hakuiona maiti ikisitiriwa, hakusikia jeneza likitolewa, wala hakuna aliyemwambia kwamba huu ndio wakati wa kumuaga. Wewe ulikaa eda miezi minne na siku kumi, ukawa na nguo zako, wageni wako na ruhusa ya kutulia na huzuni yako mbele ya watu wote. Mtoto hana eda. Alirudi skuli na chuoni kwa mafunzo ya Qur'ani baada ya matanga, akatakiwa awe kama alivyokuwa, na pengine alicheza na kucheka hata mkadhani kwamba amekwisha kusahau. Huzuni ya watoto wa umri huo haikai mfululizo kama yetu. Huja ikaondoka, ikarudi baada ya miezi kwa sababu ambayo mtu mzima huiona ndogo. Katika riwaya ile amemkuta msichana anayemlilia baba yake kurasa kwa kurasa bila kuambiwa anyamaze, na ninaamini hiyo ndiyo sababu ya kuirudia.

Ikiwa mkweo anaona kuwa machozi hayo ni udhaifu wa imani, mkumbushe kwa upole kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimlilia mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa alisema kuwa machozi yale ni rehema. Yeye mwenyewe alizaliwa baba yake akiwa amekwisha kufariki, akampoteza mama yake akiwa mtoto wa miaka sita. Hapana shaka kwamba bi mkubwa anayajua haya kuliko mimi. Lakini mama aliyemzika mwanawe wakati mwingine huwa hawezi kustahimili kilio cha mjukuu, kwa sababu kinakifungua cha kwake, na yawezekana kitabu kinalaumiwa kwa jambo hilo tu. Akiwapo mtoto wa kulia naye, pengine atalia.

Sasa tuje kwenye picha. Jibu la mtoto wa jirani haliwezi kudumu. Pemba si kubwa kiasi hicho, boti za kwenda na kurudi Unguja hazikosi jamaa wa kila ukoo, na kijana wa miaka 19 ana simu. Siku binti yako atakapolisikia kwa mtu mwingine, atagundua mambo mawili kwa pamoja, kwamba ana kaka na kwamba wewe ulimkana ulipoulizwa waziwazi, na la pili ndilo litakalomuumiza zaidi. Marehemu alikusihi usimtaje, nami siidharau ahadi yako kwake. Lakini alikusihi akiwa hai, akiwa na nafasi ya kulisema mwenyewe siku atakayoona inafaa, na nafasi hiyo haipo tena.

Chagua wakati ambao hakuna mgeni na hakuna haraka, labda alasiri baada ya chuoni, mkae nyinyi wawili na picha ile iwe mbele yenu. Anza kwa kulirekebisha neno lako: ulimwambia ni mtoto wa jirani kwa sababu uliogopa, na haikuwa kweli. Kisha mwambie kwa maneno machache kwamba baba yake alikuwa na mke kabla yako, wakaachana, na mtoto huyu ni kaka yake. Usimweleze ugomvi wa wakubwa, wala usimtetee baba kupita kiasi, kwani akiona unamtetea atatafuta kosa. Akiuliza kwa nini baba hakumwambia, na ataliuliza hilo, mjibu unachokijua na uishie hapo. Anaweza kumkasirikia marehemu kwa siku kadhaa. Mwachie akasirike.

Kuna jambo moja ambalo kitabu kinaweza kumpotosha, na ni wewe tu utakayeweza kumwekea sawa. Vitabu vya namna hiyo kwa kawaida humalizikia kwenye upatanisho, ndugu wakakutana na wakubwa wakasameheana katika sura mbili za mwisho, kwa sababu mwandishi hapendi kumwacha mtoto katikati ya giza. Kaka yake aliye Unguja hakuandikwa na mtu. Huenda akafurahi, huenda akawa na uchungu wa miaka yote ile, huenda asijibu kabisa kwa muda mrefu. Mwambie hivyo mapema, asije akadhani kwamba ukimya wa kijana yule umesababishwa naye.

Nimeliacha la mirathi mpaka hapa ingawa ndilo lenye haraka, na ninalisema bila kumtuhumu yeyote. Baada ya madeni na wasia kutolewa, ikiwa baba wa marehemu hayupo duniani na ammi ni ndugu yake wa baba mmoja, hesabu ya mtoto mmoja wa kike katika mafungu 24 ni hii: wewe mafungu 3, mkweo 4, binti 12, na ammi huchukua 5 yaliyobaki. Akihesabiwa mtoto wa kiume, ammi hapati kitu. Wewe na mkweo mnabaki na mafungu yaleyale, na 17 yanayosalia hugawanywa baina ya kaka na dada, yeye sehemu mbili na binti sehemu moja. Talaka ya mama yake haimtoi katika urithi wa baba yake. Ninajua ni zito kulisoma, kwa kuwa fungu la binti yako linapungua kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo, ukinyamaza ugawaji upite, utakuwa umemkabidhi mtoto mikarafuu na nyumba ambamo imo haki ya kaka yake, bila yeye kujua. Usikubali kugawa kienyeji. Peleka suala hili Mahakama ya Kadhi na uwataje warithi wote, kijana akiwemo.

Tena kuna swali ambalo barua yako hailigusi, nalo limenikaa moyoni tangu nilipoisoma: je, kijana huyo ameambiwa kwamba baba yake amefariki? Ikiwa hajaambiwa, hilo litangulie hata mazungumzo yako na binti. Apigiwe simu, asiandikiwe ujumbe, na anayestahili kumpigia ni ammi yake au bibi yake, kwa kuwa ni damu yao. Wape siku chache walifanye. Wasipolifanya, mpigie wewe, umwambie wewe ni nani, siku gani baba yake alifariki na kaburi lake liko wapi, na suala la mali mwachie Kadhi amwite.