Harusi ya kigangoni, watu arobaini tu: nipigeje picha?

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni msomaji wenu wa Masasi, napiga picha za paspoti na za bethidei hapa mjini. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anafunga ndoa mwezi wa kumi kwenye kigango kimoja upande wa Ndanda, misa ya saa nne asubuhi, watu kama arobaini tu, hataki MC wala ukumbi, wakitoka kanisani ni chakula nyumbani kwa bibi basi. Kanisa lina madirisha madogo, juu bati tupu, umeme hakuna. Nina Canon yenye lenzi ya 18-55 na nyingine ya 50mm f/1.8, na flashi moja. Nitumie flashi au niache? Na picha za familia nipigie wapi?
Mdogo wako, Masasi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuaminiwa na ndugu zako.

Kabla ya mambo ya kamera nenda kamwone katekista wa hicho kigango, mapema, sio asubuhi ya harusi. Yeye ndio anajua padri anayekuja anaruhusu nini na utasimama wapi. Harusi ya watu mia tatu unaweza kukimbiakimbia hakuna atakayekujali, ila ya watu arobaini kila hatua yako inasikika, afu watu wa huko misheni wanayo tangu 1906, wazee wanaifuata ibada neno kwa neno, ukikatiza mbele ya altare wakati wa mageuzo, padri anapogeuza mkate na divai, watakuona wote na watakasirika, na mi nitakuwa upande wao. Wakati huo shusha kamera, usali na wenzio.

Picha kubwa zote ziko baada ya mahubiri. Hapo wanasimama na wasimamizi wao, padri anawauliza, wanashikana mikono ya kulia, viapo, pete zinabarikiwa, wanavishana, imeisha. Ni dakika chache sana na padri harudii pete kwa ajili ya kamera. Kwa hiyo padri akiwa bado anahubiri we sogea taratibu ukakae pembeni kule mbele, manake maharusi wanatazama altare, ukibaki nyuma na waumini utapata migongo tu. Chagua upande ambao dirisha linamwangazia bibi harusi usoni. Kama unaweza nenda siku moja kabla, saa ileile ya misa, usimamishe mtu pale mbele uone mwanga unaangukia wapi.

Flashi iache kwenye begi. Ukiielekeza juu mwanga unapotelea kwenye kenchi, hakuna silingi bodi ya kuurudisha, ukiielekeza mbele inawapiga watu machoni katikati ya kiapo. Weka 50mm, fungua tundu la lenzi f/2 hivi mwanga uingie, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 mpaka 3200, shata spidi isishuke chini ya 1/125 ya sekunde. Picha itakuwa na chengachenga kidogo, sio mbaya. Kibaya ni gauni kuungua, yani humo ndani kuna giza kamera inajitahidi kuangaza kila kitu, matokeo yake gauni linakuwa jeupe tupu, lesi haionekani kabisa. Weka manyuo, yani upange mwenyewe kamera isikuamulie, pima mwanga kwenye uso wa bibi harusi, piga RAW, lile faili ghafi la kamera.

Wakianza kutoka we tangulia nje. Ile hatua moja kabla ya kuvuka kizingiti, wao wapo kivulini bado na uwanja uliofagiliwa unawarudishia mwanga usoni, ngozi inatoka vizuri mno, na hapo ndipo vigelegele vinaanza na akina mama wanatandika kanga. Piga nyingi hapo.

Picha za familia sasa. Misa ikiisha itakuwa inakaribia saa sita, na mwezi wa kumi huku kwetu jua la saa hiyo linakuwa utosini kabisa, macho yote yanakuwa mashimo meusi. Watu watakuvuta chini ya mkorosho. Katikati ya mkorosho usikubali, majani yanarusha ukijani kwenye ngozi na jua linapenya madoamadoa kwenye shela. Wasimamishe ukingoni mwa kivuli watazame uwanjani, au tumia ukuta wa kanisa ulio kivulini. Andika orodha mapema na mama mkubwa wako, na wajomba waje mwanzoni, kwetu huku mjomba ana neno kubwa, ukimwita mwishoni wakati watu wanakimbilia pilau utalisikia mwaka mzima. Maharusi peke yao waombe saa kumi na moja jioni, robo saa tu.

Umeme hakuna, kwa hiyo betri zichajiwe Masasi, mbili zikiwezekana, na memori kadi ya akiba. Usifute kitu mpaka umekopi sehemu mbili. Na kwa bibi usitume WhatsApp, msafishie za karatasi.