Virusi vimeondoka, tumbo bado linaunguruma

SWALI: Daktari, shikamoo. Kama wiki tatu zilizopita niliugua ghafla: kutapika usiku kucha, kuhara maji matupu, homa kidogo. Niliambiwa ni virusi, nikanywa ORS, nikapona. Lakini tumbo halijarudi hali yake. Nikinywa maziwa asubuhi, nikifika ofisini limeshajaa gesi, linaunguruma mpaka wenzangu wanageuka, kisha nakimbilia chooni. Zamani maziwa hayakunisumbua kabisa. Jirani ananishauri nimeze antibiotiki zisafishe mabaki. Nimeze?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jirani mshukuru, dawa usimeze. Antibiotiki huua bakteria. Virusi haviziogopi hata kidogo. Tena dawa hizo zenyewe huweza kuharisha, maana hufyeka hata bakteria wema wanaoishi tumboni. Mabaki ya kusafisha hayapo. Kilichopo ni jeraha linalopona.

Hayo maziwa ndiyo yaliyonipa picha. Ukuta wa utumbo mwembamba una vijinyweleo visivyoonekana kwa macho, na kwenye ncha zake ndiko iliko laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa. Rotavirusi, norovirusi na wenzao hushambulia mahali hapohapo. Vijinyweleo vikidhoofika, laktasi inapungua, na sukari ya maziwa inateremka ikiwa nzima hadi utumbo mpana. Huko inavuta maji, na bakteria wanaichachusha. Wenzako ofisini wanasikia matokeo.

Seli za ukuta huo hujengwa upya kila baada ya siku chache, ila laktasi huchelewa kurudi kiwango chake. Kwa wengi ni suala la wiki kadhaa. Kwa hiyo acha maziwa kwa wiki mbili, kisha uyajaribu kidogo pamoja na chakula, si tumbo likiwa tupu. Mtindi huenda ukakukubali mapema zaidi, kwa sababu bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya ile sukari. Soda na juisi tamu nazo punguza. Zaidi ya hapo kula kama kawaida, tafadhali. Siwaelewi watu wanaojitesa kwa supu nyepesi wiki nzima na huku utumbo unadai chakula ili ujijenge.

Ukiacha maziwa na hali ikabaki ileile, usiongeze kipindi cha kusubiri: omba choo kipimwe. Kuna kijidudu kiitwacho giardia ambacho huleta gesi na kuhara kwa namna hiyohiyo, na hicho kina dawa yake. Kipimo kikiwa safi na tumbo likaendelea kusokota kwa miezi, huenda ni utumbo uliobaki na wepesi wa kuudhika. Humpata takriban mtu 1 kati ya 10 baada ya maambukizi ya tumbo. Si ugonjwa wa kujitungia, na wengi hupata nafuu taratibu.

Ukiona damu kwenye choo, homa ikirudi, ukikonda, mkojo ukipungua au kuhara kukikuamsha usingizini, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jambo jingine, kwa ajili ya hao wenzako: norovirusi huweza kutoka na choo kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Vile vitakasa mikono vya spiriti haviviwezi vizuri.