Ukombozi unaokufanya umwogope shangazi yako, achana nao

Ndugu yangu, kama unatoka kwenye chumba cha maombi usiku, umepakwa mafuta, pepo wamekemewa, halafu unarudi nyumbani na woga mwingi kuliko ule ulioingia nao, naomba unisikilize. Hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), kuanzia komini za Katuba na Kenya hadi Ruashi, wako wengi wanaompenda Yesu kwa moyo wote na bado hawapati usingizi kwa hofu ya ulozi. Nawaandikia hao, maana nimekulia ndani ya hofu hiyo.

Mtoto wa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, alianza kuugua akiwa mdogo sana. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikifika, vidole vinavimba, mifupa inamuuma mpaka analia usiku kucha, macho yanakuwa ya manjano. Tukampeleka kwenye maombi. Huko wakasema kuna mwanamke wa upande wa baba yetu anayekunywa damu ya mtoto. Kwetu mwanamke wa namna hiyo alikuwa mmoja tu: shangazi, mjane, aliyetubeba sisi sote mgongoni.

Tangu hapo chakula chake hakikuliwa tena. Akileta bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), mama anapokea kwa mikono miwili, anashukuru, anamsindikiza hadi barabarani. Kisha sahani inamwagwa nyuma ya nyumba. Maombi nayo yakaendelea: kufunga, mafuta, chumvi, bahasha ya mbegu, yaani sadaka ya fedha, halafu mbegu nyingine kwa sababu ile ya kwanza haikutosha kukata mnyororo. Mtoto aliendelea kulia.

Mimi nilifunguliwa na Waraka kwa Wagalatia, nilipousoma polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kurukia mistari. Wagalatia walikuwa wameshaamini. Baadaye wakaja walimu wakawaambia kwamba Kristo peke yake hatoshi: lazima tohara, lazima kushika siku na miezi. Paulo aliwaka. "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa" (5:1). Niliposoma hapo niliiona nyumba yetu. Tulikuwa na Kristo na chumvi, Kristo na bahasha. Na kwa kuwa hatukuamini kwamba Kristo anatosha, kila wiki tulihitaji kufunguliwa upya.

Sikuambii kwamba ulozi haupo. Huo ni mjadala ambao watu wa kwetu hawataumaliza leo. Nakuambia kwamba Wakolosai 2:15 inasema enzi na mamlaka zilivuliwa nguvu msalabani, na Warumi 8:15 inasema hatukupokea roho ya utumwa iletayo tena hofu, tulipokea ya kufanywa wana. Mwana analala kwa baba yake. Jizoeze kuomba hivyo usiku: mwite Mungu Baba, mtajie jina la kile unachokiogopa, kisha nyamaza. Mwanzoni utatetemeka. Endelea tu.

Woga ulipopungua, tuliweza kuuliza swali tulilokuwa tunalikimbia: ni ugonjwa gani huu? Hospitali walipima damu, wakakuta ni SS, yaani selimundu, ugonjwa wa chembe za damu. Daktari alitueleza kwamba mtoto huirithi kwa wazazi wote wawili, nao wazazi wanaweza kuwa wazima kabisa huku kila mmoja akiibeba nusu, na kwamba wazazi wa namna hiyo, kila mimba, wana nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mwenye SS. Yaya alilia. Shangazi hakuhusika hata kidogo. Leo mtoto anakunywa maji mengi, anafunikwa vizuri wakati wa baridi, anameza asidi ya foliki, na homa ikianza tu anapelekwa hospitali. Bado anaugua. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa, "Neema yangu yakutosha". Mtu huru anaweza kuwa mgonjwa, na asimtafute wa kumlaumu.

Basi, utamjuaje mtumishi wa kweli? Mimi naangalia mambo mawili. Akikutajia ndugu yako kuwa ndiye adui, ondoka. Akiweka bei juu ya maombi, ondoka upesi zaidi. Simoni wa Samaria alipotaka kununua karama, Petro alimwambia fedha yake ipotelee mbali pamoja naye (Matendo 8:20). Na Yesu alisema: "mmepata bure, toeni bure."

Kisha kuna kazi ngumu ambayo hakuna atakayekufanyia: kurudi kwa uliyemkimbia. Mchungaji wetu alinisindikiza. Tulibeba unga na samaki wa chumvi, shangazi akapika mwenyewe. Alininawisha mikono, akasogeza sahani, akanitazama nikimega tonge la kwanza mpaka nikameza. Ndipo akasema, "Mwanangu, nilikuwa najua mnamwaga. Niliendelea kuleta kwa sababu ninyi ni watoto wangu." Niliomba msamaha kwa niaba ya nyumba nzima. Usingoje hadi mtu wako azikwe ndipo useme maneno hayo.

Na kama aliyetajwa ni mtoto, hapo usisubiri hata maombi yaishe. Mtoe siku hiyo hiyo. Wengi wanaolala sokoni na barabarani walifukuzwa nyumbani baada ya neno moja kama hilo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamfunga anayefanya hivyo mwaka 1 hadi 3. Mwambie mchungaji hivyo mbele ya watu, kwa heshima, na sauti isikike. Kisha mshike mtoto mkono mwende nyumbani, na kesho yake, kama anaumwa, mpeleke akapimwe damu.