Kwa nini sijatia sahihi karatasi ya mpwa wangu

Yaya, dada yangu mkubwa, umeniuliza kwa nini wenzangu walioko Ulaya huwaleta watoto wa ndugu zao kusoma ilhali mimi sijamwita mpwa wangu, nami nimenyamaza tangu Pasaka. Sikunyamaza kwa ubahili. Jambo lenyewe haliwezi kumalizwa kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili, ndiyo maana naliandika, nami naomba ulisome hapo nyumbani Kadutu, Bukavu, kijana mwenyewe akisikia.

Ile mnayoiita karatasi ya kumwita si mwaliko. Hapa Ubelgiji ni ahadi ya kisheria: nikiitia sahihi, ninajifunga kumgharamia mwanafunzi chakula, makazi, masomo, matibabu, na hata safari ya kumrudisha nyumbani ikibidi, kwa muda usiopungua mwaka mmoja wa masomo, na serikali ikitumia fedha zake juu yake inaweza kunidai mimi. Ahadi hiyo haipokelewi kwa maneno matupu, bali huambatanishwa na karatasi za mshahara. Kwa mwaka wa masomo 2024-2025 mwanafunzi alihesabiwa euro 803 kwa mwezi, na kiasi hicho sharti kionekane juu ya kile kinachonitosha mimi na watoto wangu. Kwangu kinaonekana, lakini kwa shida. Kwa hiyo naweza kumsainia mtoto mmoja. Yule wa pili, ambaye shemeji alimtaja mwishoni kana kwamba ni nyongeza ndogo, siwezi.

Mmeambiwa pia kwamba atafanya kazi, atajilipia minervali, yaani ada ya chuo, mwenyewe na kuwatumia kitu kidogo. Sheria inamruhusu mwanafunzi saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, lakini kuruhusiwa si kuajiriwa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikiosha vyombo katika mkahawa hadi saa sita usiku, asubuhi nikisinzia darasani, na mitihani ikaniangusha. Sikuwaambia, kwa sababu mwezi uleule mlikuwa mmenishukuru kwa fedha za bati nilizowatumia. Siku hizi idara ya wageni huhesabu krediti, yaani vipimo vya masomo aliyofaulu mwanafunzi: mwaka mmoja huwa na 60, na anayeanza chuo ambaye baada ya miaka miwili hajafikisha 45 anaweza kunyang'anywa kibali cha kukaa.

Kuhusu makaratasi, tuanze na Diploma ya Serikali. Shule ilimpa cheti cha muda tu baada ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na bila hati zinazokubalika hatapata ekivalensi, yaani uthibitisho kwamba diploma yake inalingana na ya Ubelgiji, ambao vyuo vya upande wa Kifaransa humdai mwenye diploma ya kigeni ya sekondari. Maombi yake hupokelewa hadi 15 Julai kwa anayetaka kuanza mwezi wa tisa. Yafuate hayo kabla ya kuuza chochote. Viza yenyewe huombwa Kinshasa, na alama za vidole hatoi mtu kwa niaba ya mwingine. Nawe wajua kwamba tangu Februari 2025, mji wetu ulipotekwa na waasi wa M23, kutoka Bukavu hadi Kinshasa si tena suala la kupanda ndege katika uwanja wetu wa Kavumu, bali ni kuvuka mpaka kwanza na kuzunguka kwa njia za nchi nyingine. Ada ya viza, Yaya, ni ndogo kuliko safari hiyo.

Yule dalali wa mtaa wa Nguba anayesema ana mtu wake ndani ya ofisi ya viza, mwacheni. Atawauzia barua ya chuo au karatasi ya benki ya kughushi, nayo ikigunduliwa, jina litakalobaki katika faili ni la mtoto, si la dalali.

Lakini kilichonizuia hasa si hayo. Mwombaji huulizwa kwa nini amechagua masomo hayo, yanaendelezaje aliyosoma, na atafanya nini baadaye. Nilimwuliza mpwa wangu swali hilohilo, akanijibu: «Chochote kinachopatikana, mjomba.» Alisoma biokemia miaka yote ya sekondari, na sasa mnataka aombe masomo ya biashara kwa sababu mtoto wa jirani alipata viza kwa njia hiyo. Siwezi kumtungia majibu, maana mbele ya ofisa atakuwa peke yake.

Na aniandikie kwa mkono wake, ukurasa mmoja, anataka kusoma nini na kwa sababu gani, hata kama jibu lake ni kwamba angependa kubaki kusoma hapohapo Bukavu. Jumapili baada ya misa nitapiga simu, na simu apewe yeye.